Mtoto akipigwa kwenye nyumba ya serikali: namna ya kusukuma malalamiko mpaka yawe uchunguzi

Nimeandika hii manake nimechoka kurudia kwa simu. Kila wiki mbili tatu mtu ananipigia, mara mama wa Malaba, mara mzee wa Tororo, juzi mama mmoja wa Arua aliyepewa namba yangu na mtu aliyepewa na mtu, na swali ni lile lile, mtoto wangu yuko rimandi nimeenda kumwona ana alama mwilini nifanyeje. Mimi si loya. Nauza mitumba hapa Busia, upande wa Uganda. Ila miaka kadhaa nyuma kijana wa marehemu kaka yangu alikamatwa kwa baiskeli, miaka 15 alikuwa nayo, akapelekwa kwenye nyumba moja ya serikali ambayo sitaitaja, na kilichotokea kule ndiyo kilinifundisha haya yote, mengine kwa kukosea kwanza.

Soma yote kabla hujaanza kwenda maofisini. Kosa langu kubwa lilikuwa kukimbilia kupiga kelele getini siku ya kwanza.

Kwanza jua mtoto yuko nyumba gani

Watu husema tu "yuko rimandi" lakini nyumba zinatofautiana. Rimandi ni ya mtoto ambaye kesi yake bado inaendelea kortini, ziko Naguru, Mbale, Fort Portal, Gulu, Arua, Kabale na kwingine. Kampiringisa, ile ya Mpigi, ni ya waliokwisha kuhukumiwa, ingawa watoto wa mitaani nao wamekuwa wakikusanywa Kampala kwa msako na kutupwa huko, Human Rights Watch waliandika hayo mwaka 2014. Halafu kuna vituo vya kupokea watoto waliopotea au waliotelekezwa, Naguru kipo pia. Mwenye nyumba hizi zote ni Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Nyumba za yatima za makanisa na mashirika zina njia yake, leo sizigusi.

Kwa nini nakwambia mwenye nyumba ni nani? Subiri, nitarudi hapo, ndiyo sehemu iliyonigharimu miezi.

Hesabu siku

Hii fanya leo, inachukua dakika tano. Chukua tarehe ambayo korti ilimpeleka mtoto rimandi, hesabu mpaka leo. Sheria ya Watoto imeweka kikomo cha mtoto kukaa rimandi, hakivuki miezi 3 kwa makosa ya kawaida, wala miezi 6 kama kosa ni lile ambalo mtu mzima angeweza kuhukumiwa kifo, na muulize karani kama sasa kimepunguzwa. Wetu tulipohesabu zilikuwa siku 131 kwa ajili ya baiskeli. Hapo hata hujaanza kuzungumzia kipigo tayari una kosa la serikali mkononi, na hakimu hawezi kubishana na kalenda, mwombe dhamana. Na kama mtoto hajafika miaka 12 hakutakiwa kushtakiwa kabisa, peleka kadi ya chanjo au cheti cha kuzaliwa, ukikosa vyote barua ya LC1, baraza la kijiji, angalau ya kuanzia.

Siku ya kumtembelea

Hapa ndipo kazi ilipo kwa hiyo nitakaa kidogo.

Siku niliyomwona nilikuwa nimebeba kabalagala na sabuni mche mmoja. Walimtoa akaja akakaa kwenye benchi, metroni amesimama mlangoni anachezea funguo. Kijana akaanza kula, lakini alikuwa anakula huku anaangalia mlango, kila metroni akitikisa funguo yeye anaacha kutafuna. Nikamuuliza umzima baba, akasema mzima shangazi. Nikasema mbona unakaa hivyo, akasema benchi gumu. Ile nafasi metroni alipogeuka kumjibu mtu nje, kijana akavua ndala akaniwekea unyayo juu ya goti langu, haraka, sekunde mbili, akavaa tena. Nyayo zilikuwa zimevimba rangi ya zambarau kama bilinganya. Hakusema neno. Mimi nikasimama nikapiga kelele pale pale, mnamfanya nini mtoto wa watu, na unajua kilichofuata? Wiki mbili sikuruhusiwa kumwona, ati ana adhabu, na nyayo zikapona bila mtu yeyote kuandika chochote.

Kwa hiyo wewe usipige kelele. Meza. Fanya hivi.

Andika jina lako kwenye kitabu cha wageni na uandike saa, saa kabisa, manake kitabu kile baadaye ni shahidi wako kwamba ulikuwepo. Wakikwambia leo hatuandiki, kumbuka waliokwambia.

Mwangalie mtoto bila kumkagua: nyayo, nyuma ya miguu, viganja, kichwa, amekonda kiasi gani toka mara ya mwisho, ana upele, anajikuna. Mpe kitu akishike kwa mikono miwili uone vidole.

Ukimuuliza, usimwekee maneno mdomoni. Ukisema "huyu ndiye aliyekupiga na waya?" akaitikia, umeua ushahidi, manake mchunguzi atamuuliza nani alitaja waya kwanza na jibu litakuwa ni shangazi. Uliza "ilikuwaje?" halafu nyamaza. Akinyamaza na wewe nyamaza. Akisema, uliza "kisha?" Hiyo kisha inatosha, nimeona watoto wakisimulia dakika ishirini kwa kisha tatu. Na usimwahidi kwamba hutamwambia mtu, manake utawaambia.

Kitu kingine ambacho sikukijua. Mara nyingi anayeshika fimbo si mfanyakazi. Ni mvulana mkubwa, wanamweka awe mkuu wa bweni, anapewa chakula cha ziada na anawatuliza wenzake kwa anavyojua yeye. Kwa hiyo mtoto ukimuuliza askari wamekupiga atakujibu hapana na hatakuwa amedanganya! Uliza nani anagawa chakula, nani anafunga mlango usiku, nani anaamua adhabu. Na usidhani ni mambo ya kwetu tu. New Zealand tume yao kubwa kuhusu watoto na watu waliolelewa kwenye nyumba za serikali na za makanisa ilimaliza kazi mwaka 2024, na kwenye nyumba za wavulana walikuta mfumo huo huo, kijana mbabe anawatawala wengine na wafanyakazi wanauacha kwa sababu unawarahisishia kazi. Kwa hiyo swali la kuuliza ni aliyempa fimbo ni nani, hilo jina la mtu mzima ndilo unalolitafuta.

Kaunta buku

Ukitoka getini usipande boda kwanza. Kaa chini ya mti, toa kaunta buku, andika. Si daftari la karatasi za kuchanika, kaunta buku lenye jalada gumu, manake kurasa zake zikichanwa inaonekana.

Andika tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, nani alikuwa mlangoni, kijana alivaa nini, na maneno yake jinsi alivyoyasema, kwa lugha aliyosema. Wangu alisema "walinipanga kwenye foleni ya moto". Mimi ningeweza kuandika "alipigwa", lakini nikaacha vile vile, na baadaye watoto wengine wawili waliohojiwa kila mtu kivyake wakasema foleni ya moto, foleni ya moto, kumbe ni jina la adhabu kule ndani, na hilo jina ndilo lililofanya mchunguzi anyanyue kichwa toka kwenye karatasi. Ningekuwa nimelisafisha tungelipoteza.

Ulichoona kiandike upande mmoja na ulichosikia upande mwingine. Usichanganye. Ukikosea usifute, chora mstari mmoja, andika sahihi juu.

Picha za jeraha ukipata nafasi piga moja ya karibu na moja inayoonyesha mwili wote, weka sarafu kando ya jeraha ionyeshe ukubwa. Halafu, nakuomba, usiitume kwenye magrupu. Najua hasira. Lakini uso wa mtoto ukishazunguka hauwezi kuurudisha, mtoto mwenye kesi sheria inamlinda asitambulike, na walio ndani wakiiona ile picha usiku huo huo wanajua nani kasema.

Siku ya korti ni siku yako

Watu wengi hawalijui hili. Mtoto akiwa ndani ya nyumba ya serikali huwezi kumchukua umpeleke hospitali kwa mkono wako, utaambiwa wewe nani. Lakini siku kesi yake inatajwa analetwa mbele ya hakimu, na hakimu ana macho. Fika mapema, mtafute karani, sema una jambo la afya ya mtoto. Ukipewa nafasi simama useme kwa ufupi, mheshimiwa mtoto ana majeraha, naomba iandikwe kwenye faili na naomba aonwe na daktari. Maneno mawili hayo, iandikwe na aonwe. Hotuba acha. Hakimu akiamuru, polisi wanatoa fomu ya PF3, daktari au ofisa wa kliniki anaijaza, na hapo una karatasi ambayo mkuu wa nyumba hawezi kuifungia kabatini kwake.

Kama ni jambo la kuingiliwa kimwili fomu ni PF3A, na usisubiri siku ya korti hata kidogo, nenda kituo cha polisi dawati la watoto na familia siku hiyo hiyo, manake dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI inatakiwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndiyo bora zaidi. Asioge, nguo zisifuliwe, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si kavera ya plastiki.

Polisi ukiripoti usitoke bila namba ya SD, ile ya kitabu cha kituo. Mimi niliambiwa "mama enda tu tutakupigia." Nikasema afande nitasubiri. Nikakaa kwenye benchi saa mbili nzima na wengine wanapita wananiangalia, mwisho afande akacheka akaniandikia namba nyuma ya risiti ya petroli. Risiti ile bado ninayo.

Malalamiko yaende milango miwili

Sasa ile ya mwenye nyumba. Kuna namba ya bure 116, inaitwa Sauti (angalau jina walilipa la Kiswahili), ni ya watoto, unapiga hata bila salio. Ni huduma nzuri na kwa mtoto anayeteswa nyumbani kwa baba wa kambo ningekwambia piga hiyo kwanza. Lakini inaendeshwa na Wizara ya Jinsia, na nyumba unayoilalamikia ni ya nani? Ya Wizara ya Jinsia. Ofisa wa probesheni wa wilaya, yule anayeshughulikia mambo ya watoto, naye humo humo kila siku anafanya kazi na watu hao. Sisemi ni wabaya, wa kwetu alikuwa dada mmoja mwenye roho sana, nasema tu kesi ya nyani huwezi kumwachia ngedere peke yake. Mimi nilikaa miezi mitatu nikingoja jibu la wizara na jibu lilipokuja lilisema "suala linashughulikiwa".

Kwa hiyo piga 116, chukua namba ya kesi, mpelekee probesheni barua, mjulishe na makamu mwenyekiti wa LC1 kwenu ambaye ndiye katibu wa mambo ya watoto. Na wiki hiyo hiyo nenda mlango wa pili, Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda.

Hii Tume imewekwa na Katiba ya 1995, ibara ya 51, si idara ya wizara yoyote. Wana ruhusa ya kuingia jela na mahali popote watu wanapozuiwa wakakague. Wanaweza kuita mtu yeyote afike mbele yao na karatasi zake kama korti inavyoita, na mwishoni wanaweza kuamuru mtu aachiwe au alipwe fidia. Kulalamika ni bure, anayekudai hela ya fomu ni mwizi. Ofisi ziko Kampala na kwenye mikoa, Jinja, Soroti, Mbarara, Masaka, Fort Portal, Hoima, Gulu, Lira, Arua, Moroto. Sisi wa Busia tunapanda teksi ya Jinja.

Mambo mawili ya kuangalia kwao. La kwanza muda, hawapokei jambo lililopita miaka 5 toka litokee. Kama wewe unayesoma ndiye ulikuwa mtoto kule, sasa una miaka 19 au 20, hesabu leo. La pili, hawagusi jambo lililoko kortini, na hapa kuna watu wamerudishwa mlangoni kwa kutoelewana tu. Ofisa anakuuliza "hii kesi iko kortini?" wewe unasema ndiyo, manake ya baiskeli iko kortini, naye anafunga kitabu. Sema hivi: kesi ya baiskeli iko kortini, mimi nimekuja kwa ajili ya kipigo, na kipigo hakiko kortini popote. Nimeiandika hivyo makusudi, inakili kama ilivyo.

Barua yenyewe ukurasa mmoja. Nani, wapi, lini, nini kilitokea, nani aliona, umesharipoti wapi na namba zake, unataka nini. Sehemu ya unataka nini wengi wanaiacha tupu au wanaandika "haki itendeke". Andika vitu: mtoto aonwe na daktari ndani ya wiki hii, Tume iende kukagua nyumba bila kutoa taarifa, rejista ya adhabu na ya wagonjwa zichukuliwe kopi. Kopi tatu, moja igongwe stampu ya kupokelewa urudi nayo nyumbani. Barua isiyo na stampu ni kama hukwenda.

Na usiombe ruhusa kwa mtu yeyote. Katiba ibara ya 50 inaruhusu mtu kwenda kortini kwa ajili ya haki za mtu mwingine, na Sheria ya Kuzuia Mateso ya 2012 inaruhusu mtu yeyote kulalamika hata kama si yeye aliyeteswa. Wakikwambia wewe si mzazi, watajie hizo mbili.

Uchunguzi wenyewe uko wa namna nyingi

Wa ndani, wizara inatuma watu wake. Unakwenda haraka na mara nyingi unaisha kwa mtu kuhamishwa kituo. Wa Tume ya Haki za Binadamu nimeshausema. Wa Bunge, mnaandika ombi rasmi mnapitia kwa mbunge wenu, wengi wanampelekea mbunge mwanamke wa wilaya, na kamati za Bunge kwa ibara ya 90 ya Katiba zinaweza kumwita waziri na kudai nyaraka kwa nguvu kama za Korti Kuu. Huo ni mzuri mkiwa wengi, si mtu mmoja na mtoto mmoja.

Na kuna tume kubwa ya uchunguzi inayoundwa na serikali. Wazee wanaikumbuka ile ya Jaji Arthur Oder iliyoundwa 1986 kuchunguza uvunjaji wa haki za binadamu toka uhuru, ripoti ikatoka 1994. Miaka minane. Sikukatishi tamaa lakini mtoto wa miaka 15 anakuwa 23.

Wakati mwingine inakwenda kasi ajabu. Australia, Julai 2016, televisheni ilionyesha video za ndani ya magereza ya watoto ya jimbo la Northern Territory, Don Dale likiwemo, kijana amefungwa kwenye kiti amevishwa kofia ya kufunika uso, na kesho yake asubuhi waziri mkuu akatangaza tume, ripoti ikatoka Novemba 2017. Watu wakiisikia hii wanasema basi tutafute video. Mimi nasema tazama vizuri, zile video zilikuwa kamera za magereza yenyewe, kumbukumbu zao wenyewe. Sisi kamera hatuna, tuna rejista: ya wageni, ya wagonjwa, ya adhabu, ya chakula. Ndiyo maana kwenye barua umeandika zichukuliwe mapema. Rejista zina tabia ya kulowa na mvua uchunguzi ukitangazwa.

Siku ya kutoa ushahidi

Uliza kabla hadidu za rejea zinasemaje, yaani wameambiwa wachunguze nini na cha miaka gani. Kama wamepewa kuchunguza "matumizi ya fedha" tu, kipigo chako hakitaingia hata ukilia, itabidi uombe kwa maandishi waongeze.

Omba mtoto asikilizwe faragha. Si upendeleo, tume zenye uzoefu zinafanya hivyo, ile ya Australia kuhusu watoto walionajisiwa kwenye taasisi iliwasikiliza watu zaidi ya 8,000 faragha, mmoja mmoja. Omba asihojiwe ndani ya nyumba ile ile na mkuu wake anapita dirishani. Wetu mara ya kwanza walimhoji ofisini kwa mkuu, kwenye kiti cha mkuu. Unategemea atasema nini?

Omba aseme kwa lugha yake. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii kwa Katiba, usikubali kijana alazimishwe Kiingereza cha shule halafu waandike kwamba "anajipinga".

Usimfundishe cha kusema. Usiku ule utatamani sana kumfundisha, mpikie chakula mlale. Mwambie mambo matatu tu: sema kweli, ukiwa hujui sema sijui, ukichoka omba kupumzika.

Kabla ya kutia sahihi asomewe yote aliyosema, pole pole. Palipokosewa parekebishwe hapo. Mwombe mwandishi kopi.

Uliza mapema nauli. Aibu ya kuuliza nauli imewafanya mashahidi wangapi wabaki nyumbani.

Wakati unasubiri

Mtoto akiwa bado ndani, mtembelee mara kwa mara na kila mara ujiandikishe, mtoto mwenye wageni anaguswa kidogo. Ukiona wanamlipizia, barua ya pili siku hiyo hiyo kwa Tume na kwa hakimu, omba ahamishwe au apewe dhamana.

Kila tarehe moja ya mwezi mimi naandika ujumbe mfupi kwenda ofisi zote mbili, namba ya faili na swali moja: imefikia wapi? Bila matusi. Nilikuwa naitwa mama tarehe moja.

Wakikunyima ripoti, Sheria ya Kupata Habari ya 2005 inakupa haki ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na wanatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Majina ya watoto yatafutwa na yanatakiwa yafutwe.

Ripoti ikitoka nenda moja kwa moja kwenye mapendekezo. Tafuta nani ameambiwa afanye nini na kwa tarehe gani, penye jina na tarehe una pa kushika, pasipo hivyo andika barua uulize. Mapendekezo siyo hukumu. Ukitaka mtu awajibike yeye mwenyewe, Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya 2019 inasema ofisa wa umma aliyevunja haki anawajibika binafsi, hapo sasa tafuta loya, na mashirika ya msaada wa sheria yapo. Fidia ikiamriwa na Tume jiandae kusubiri, serikali inalipa kwa mwendo wake.

Sisi tulipata nini? Kijana alipewa dhamana. Tume walikwenda wakakagua. Mtu mmoja akahamishwa, mwingine sijui aliishia wapi, foleni ya moto nasikia imekoma, nasema nasikia kwa sababu sijaingia tena. New Zealand baada ya miaka sita ya tume, waziri mkuu Christopher Luxon alisimama bungeni tarehe 12 Novemba 2024 akaomba radhi kwa walioteswa toka mwaka 1950. Wengine waliokuwa wanaisubiri walikuwa wameshakufa.

Jambo la mwisho, kuhusu kurekebisha. Mwaka jana kijana wangu, sasa ana karakana ya kuchomelea vyuma na mwenzake hapo Tororo, alikuja akaniomba lile kaunta buku. Akakaa kwenye marobota ya nguo akasoma kuanzia ukurasa wa kwanza, hakuruka hata mmoja, mimi nahudumia wateja namtazama kwa pembeni. Alipofika ukurasa wa tisa akaniita, shangazi hapa si sawa. Nikajua ameumia, nikaenda. Akaweka kidole kwenye mstari, umeandika Jumanne, ilikuwa Jumatano, Jumanne tulikula maharage na siku ile tulipigwa kabla ya uji tu halafu hakukuwa na kitu kingine mpaka usiku. Nikachora mstari mmoja, nikaandika Jumatano juu yake, yeye akatia sahihi na tarehe ya siku hiyo pembeni. Wiki iliyofuata tulipeleka barua ya marekebisho Jinja, faili likatafutwa, likaletwa, barua ikaingia ndani, na ile kopi yetu ikagongwa stampu.